Mvivu wa Filamu ya Pamba

Siku hizi watu wa Busia, wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile, wakitaka kumsifu kijana mwenye bidii ya shamba husema analima kama Opolot wa Masinya. Lakini kuna msimu mzima ambapo jina hilohilo lilikuwa tusi. Mke akimkuta mumewe bado amejifunika shuka na jua limeshapanda, alimwita Opolot. Mwalimu akikuta hesabu hazijafanywa, alimwita mtoto Opolot. Na wakati huo wote Opolot mwenyewe alikuwa shambani, jembe mkononi, anapalilia.

Nimeamua kuieleza habari hii mimi Truphena, fundi cherehani wa upande wa Kenya, kwa sababu wenzangu wanaoieleza wameitia chumvi mpaka imekuwa chungu. Mimi nilikuwapo. Tena nilikuwa na kura yangu, na niliipiga.

Kwanza mkijue chama chetu. Kabla ya uhuru tulikuwa watu wachache tu wa Busia tuliopenda kupanda lori kwenda Tororo kutazama sinema kwenye ukumbi wa Wahindi. Picha ikiisha, tulisimama barabarani tukibishana: yule jambazi alistahili kufa au hakustahili, yule binti wa Bombei alilia kweli au alipakwa maji usoni. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Siku moja Chrispinus, karani mmoja mpole anayevaa shati jeupe hata siku ya kuchimba choo, akasema kwamba kama ni lazima tugombane, basi tugombane kwa utaratibu. Hapo ndipo kilipozaliwa Chama cha Wapima Sinema wa Busia na Tororo. Tukawa na Wasamia, na Wateso, na Wapadhola, na Waluo, wengine wa Kenya na wengine wa Uganda, na tukikutana Jumapili baada ya kanisa katika darasa la shule ya msingi, hakuna aliyemuuliza mwenzake ametoka upande gani wa barabara. Tuliulizana tu umeona nini.

Kila mwaka, pamba ikishavunwa, tulitoa tuzo. Tulikuwa na tuzo ya Picha Bora, ya Mwigizaji Bora, ya Farasi Bora, kwa maana picha za farasi zilikuwa nyingi, na tuzo ya Mume Asiyefaa. Hiyo ya mwisho niliipendekeza mimi, na sijutii. Tuzo yenyewe ilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kilichochongwa vizuri na mzee Ekwaro na kupakwa mafuta mpaka kinang'aa. Mtu unampa kiti kwa sababu unamwambia aketi, umemtambua.

Shida ilikuwa nani apokee. Washindi wetu walikuwa Bombei na Marekani, na hawakuwa na habari kwamba Busia ipo. Kwetu sisi zawadi haiachwi mezani ijipokee yenyewe. Ni kama umeita watu kwenye karamu na hakuna aliyefika. Kwa hiyo tukaamua kwamba kila mshindi apewe ukoo. Yule kijana wa Bombei mwenye macho mazuri tulimpa ukoo wa Wabwire, muuza samaki wetu, na Wabwire akasimama kama mjomba wake, akapokea kigoda, akashukuru kwa niaba ya mpwa wake. Halafu, kwa kuwa ndugu hubeba yote, tukamkaripia: kwa nini mpwa wako alikuwa akiimba na kuzunguka bustani wakati baba yake amelazwa? Wabwire akainamisha kichwa, akasema tumsamehe, ni utoto, ataongea naye. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini haukuwa mzaha mtupu. Tuliweka kanuni: tuzo hupokewa na ndugu, na kama hakuna ndugu aliyesimama, inakwenda kwa mshindi wa pili. Aliyeing'ang'ania kanuni hiyo ni Imalingat, fundi wa baiskeli wa Tororo, mtu mwenye maoni juu ya kila kitu mpaka uji.

Sasa nije kwa Opolot, kijana wa kijiji cha Masinya, upande wa Uganda.

Baba yake alifariki Opolot akiwa mdogo, na mama yake, Aguti, akakataa kurithiwa, akakataa kusaidiwa, akashika jembe. Niseme wazi kwamba sijaona mwanamke mwenye kiburi kama Aguti, na ninasema hivyo kwa heshima. Hakuazima chumvi. Hakuazima moto. Mvua ikigoma na mashamba ya wengine yakinyauka, yeye alikuwa na mihogo ardhini na mtama ghalani, na aliyekwenda kwake na njaa alirudi na mzigo. Jina lake ndilo lililokuwa mali yake. Opolot alikulia kwenye mgongo wa mama huyo anayelima, na alipopata nguvu za kuinua jembe hakuliweka chini tena. Pamba yake ilikuwa nyeupe kuliko mashuka ya hospitali.

Lakini kijana alikuwa na jambo lingine. Watu wa Masinya wakikutana kulimiana mashamba, wakati wa kupumzika walikuwa wakimwomba: Opolot, tufanyie bwana shamba. Naye anasimama, anavuta suruali mpaka kifuani, anaziangalia pamba kama zimemkosea adabu, na unamwona bwana shamba mwenyewe, unataka hata kumwamkia. Alimwigiza padri. Alimwigiza kuku anayeona mvua inakuja. Mtu pekee ambaye hakuthubutu kumwigiza ni mama yake.

Mwaka ule wakaja watu wa sinema kutoka Kampala, wakapiga kambi Iyolwa, kijiji cha upande wa Tororo. Walitaka kutengeneza picha ya kuwafundisha watu kulima pamba. Picha ilikuwa na wakulima wawili, mmoja mwenye bidii na mmoja mvivu. Mwenye bidii alipatikana kabla hawajamaliza kuuliza, kwani wanaume wote wa Iyolwa walikuwa wenye bidii siku hiyo, hata wale tunaowajua. Mvivu hakupatikana. Nani anataka kupigwa picha ya uvivu ikaenda mpaka Gulu? Opolot alikuwa amefika hapo na baiskeli yake kumtembelea rafiki. Alisikiliza, akaona wale wageni wanahangaika, akasema:

"Basi mimi nitakuwa mvivu. Kazi ni kazi."

Wakampa. Akalala kivulini wakati magugu yanapanda, akajikuna, akapiga miayo. Katika picha mvivu huyo ana mama, na kwa kuwa mwanawe halimi, mama anapita kwa majirani na kapu kuomba unga. Mama huyo aliigizwa na Apendi, mjane mmoja wa Iyolwa, mwanamke mpole sana. Walimaliza, wakashukuru, wakaondoka. Opolot akarudi Masinya akamwambia mama yake kwamba yumo ndani ya picha. Hakumwambia ni picha ya nini. Alitaka aone mwenyewe afurahi.

Gari la sinema lilipofika Busia, watu walijaa uwanja kuanzia sokoni mpaka njia ya forodhani. Turubai jeupe likatundikwa jua likizama. Aguti alikuwa ametangaza kanisani. Alikuja amevaa gomesi ya rangi ya zambarau, lile vazi refu la heshima, mshipi umekazwa, na jirani zake wote nyuma yake, akatandika mkeka mbele kabisa. Alikuwa hajawahi kuona sinema maishani mwake. Mimi na wanachama wenzangu tulikuwa kando, tumeketi kwa mpango, kama kawaida yetu.

Picha ikaanza. Opolot akatokea, mkubwa kama nyumba, amelala. Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Nzi alikuja akatua mdomoni mwake, akatembea, na Opolot hakutikisika. Magugu yakafika magotini. Ilikuwa kazi safi, na nilimgusa Chrispinus kiwikoni, naye akaitikia kwa kichwa.

Sasa picha yenyewe haikuwa na maneno. Kulikuwa na bwana mmoja ndani ya gari mwenye kipaza sauti, anawaeleza watu kinachotokea. Wale wakulima katika picha hawakupewa majina. Lakini bwana huyo alikuwa ameambiwa kwamba mvivu ni mtu wa hapahapa, akaona atawafurahisha watu, akaanza kumwita kwa jina. "Opolot amelala! Opolot hataki jembe!" Watu wakazidi kucheka. Ndipo Apendi akatokea na kapu, mgongo umepinda, anapita mlango kwa mlango, na kipaza sauti kikasema kwa sauti ya huruma:

"Tazameni, ndugu zangu. Mama ya Opolot sasa anaomba unga."

Kicheko kilikatika. Kichwa kimoja kiligeuka, kikageuka cha pili, halafu uwanja mzima ukawa unamtazama Aguti. Yeye aliendelea kutazama mbele mpaka lile kapu lilipotoka kwenye turubai. Kisha akasimama, akakunja mkeka wake taratibu, akaondoka. Opolot alimfuata akisukuma baiskeli, anamwomba apande. Hakupanda. Alitembea kwa miguu mpaka Masinya.

Hapa nataka niseme jambo ambalo linanikasirisha mpaka leo. Watu wetu si wajinga wa sinema. Jambazi akipigwa risasi katika picha hii, na wiki ya pili wakamwona kwenye picha nyingine amepanda farasi anacheka, hakuna anayeshangaa. Wanajua ni kuigiza. Lakini jirani! Mtu wa mbali akilala wanasema anaigiza, mtu wa kwao akilala wanasema amefichuliwa. Watu waliokuwa wamenunua mbegu ya pamba kwa Opolot, waliomwona kwa macho yao akilima tangu umande, walianza kusemezana: kumbe? Kumbe nyumbani hali ni hiyo? Na yule mama na maringo yake yote, kumbe anapita na kapu Iyolwa ambako hajulikani!

Na kilichomchoma Aguti zaidi hakikuwa maneno ya wabaya. Akurut, mwanamke wa kanisani kwao mwenye roho nzuri kabisa, alimhurumia. Alichota unga wa mtama, akaufunika kwa kitambaa, akaenda nao mpaka kwa Aguti na kumpa kwa mikono miwili. Aguti akaupokea, akaingia ndani, akarudi na bakuli la Akurut limejaa unga wake mwenyewe mpaka unamwagika, akamrudishia. Kisha akafunga mlango. Jioni hiyo Opolot alipokuja kula alikuta jiko limezimwa.

"Wewe umeniombea unga kwa dunia yote," alimwambia. "Sasa nenda kwa ile mama yako ya Iyolwa ikupikie."

Tangu siku hiyo Aguti hakumpikia mwanawe na hakula alichokileta. Waliishi ua mmoja, wakilima shamba moja, mmoja mwanzo wa mstari na mwingine mwisho, bila neno. Aliacha kwenda sokoni. Aliacha kukaa mbele kanisani. Opolot akakonda. Alikuja kwangu nimpunguzie suruali kiunoni, nikamuuliza habari, akanieleza yote huku anautazama mlango.

"Dada Truphena," akaniambia, "nimejaribu kumwambia ilikuwa mchezo. Ananiuliza, mchezo gani unafanya mtu amwite mwanamke mwingine mama?"

Nikaweka mkasi chini. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira hufanya kazi vizuri zaidi. Jumapili iliyofuata nikasimama chamani na kumpendekeza Opolot wa Masinya kwa tuzo ya Mwigizaji Bora wa mwaka.

Darasa lilichemka. Haijawahi kutokea mtu wa kwetu kupendekezwa. Imalingat akasimama, kidole juu.

"Huyo hakuigiza," akasema. "Alilala tu! Hata mimi najua kulala."

"Basi lala," nikamwambia.

"Nini?"

"Lala hapo juu ya benchi. Tukupime."

Wenzake wakamshangilia, hakuweza kurudi nyuma. Akapanda benchi, akafumba macho. Tukamzunguka. Kope zilikuwa zinacheza. Vidole vya miguu vimekakamaa kama mtu anayengoja sindano. Wabwire akachukua unyasi akampitishia mdomoni, na Imalingat akaruka mpaka chini huku akitukana kwa Kiteso. Kila mmoja alikuwa anamkumbuka yule nzi.

Tukapiga kura. Opolot alimshinda kijana wa Bombei, akamshinda na yule Mmarekani mwenye bastola mbili. Nakwambieni, nilitoka pale nimejaa. Lakini Imalingat, akijifuta vumbi, alikuwa na neno la mwisho. Kanuni ni kanuni. Mtu mwenye ukoo wake hapewi ukoo wa kubuni. Ndugu wa Opolot ni mama yake. Asiposimama mama yake, kigoda kinakwenda kwa Mmarekani. Nilitaka kumrushia cherehani, ila alikuwa amesema kweli. Na mimi nilijua, kama jina la Opolot litaitwa mbele ya watu na mama yake asisimame, basi atakuwa mvivu mpaka kaburini, maana hata mama yake atakuwa amethibitisha.

Chrispinus nami tukaenda Masinya. Tulimkuta Aguti ameketi juu ya gunia, anachambua pamba, nyeupe huku, yenye madoa kule. Opolot alikuwa mbali shambani, mgongo unapanda na kushuka.

"Yoga, Mama," tukamwamkia kwa lugha ya kwao. Akaitikia, akatupa viti. Chrispinus akaeleza kwa upole wake wote, kwamba chama kimemteua mwanawe, kwamba ni heshima kubwa.

"Mimi hapana kuja pokea kiti ya uvivu," akasema Aguti. Mikono haikusimama.

"Mama, si ya uvivu," nikasema. "Ni ya kazi. Mtoto wako hajui kuwa mvivu. Ndiyo sababu tunampa. Mvivu akilala hiyo si kitu, amelala. Lakini huyu wako alitafuta uvivu mahali asipoujua, akauleta mpaka ukauamini hata wewe uliyemzaa."

Hapo mikono ikasimama. Akamtazama Opolot kule shambani, kwa muda mrefu.

"Ile mwanamke ya Iyolwa itakuja?"

Tukasema Apendi amealikwa. Aguti akarudi kwenye pamba yake, na hatukupata jibu lingine. Lakini alikataa tuondoke mikono mitupu. Alitujazia karanga mpaka mfuko wa Chrispinus ukachanika. "Msiende kusema kwa Aguti hakuna chakula," akasema, na hakuwa anatania.

Siku ya tuzo ilikuwa Jumamosi mchana. Darasa lilijaa, madirisha yakajaa, watu wakapanda mpaka kwenye ukuta wa bustani ya shule. Walikuwa wamesikia mvivu atapewa tuzo na wamekuja kumcheka. Opolot alisimama nyuma kabisa katika shati nililomshonea mimi, kola imesimama. Apendi alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele na kapu lake la safari magotini, ana aibu kama bibi arusi. Aguti hakuonekana.

Chrispinus akaita tuzo ya Mwigizaji Bora, akataja jina. Watu wakapiga mbinja. "Mvivu! Mwamsheni!" Opolot akaja mbele huku anapita katikati ya vicheko hivyo, akasimama kando ya kigoda.

"Nani ndugu wa mshindi?" Chrispinus akauliza.

Opolot alitazama miguu yake. Chrispinus akauliza mara nyingine. Imalingat akakohoa. Ndipo Apendi akasimama.

"Mimi nilikuwa mama yake kwa picha," akasema. "Kama hakuna mtu, nitapokea mimi. Mtoto asiaibike."

"Keti, dada yangu."

Sauti ilitoka mlangoni. Aguti alikuwa amesimama pale katika gomesi ileile ya zambarau, na watu wanampisha bila kuombwa.

"Keti. Mama yake ni mimi."

Alikuja mpaka mbele. Hakukigusa kigoda. Alisimama mbele ya mwanawe, na ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu usiku wa sinema.

"Hawa watu wanasema ilikuwa kazi," akamwambia. "Mimi sijaona. Niliona ile picha tu. Fanya hapa, mbele yangu, mchana, nione."

"Mama, hapa?"

"Hapa."

Opolot akavua viatu. Akalala sakafuni. Sijui niseme vipi kilichotokea, na mimi ndiye mpimaji. Mabega yalilegea, tumbo likatoka, uso ukayeyuka, na yule kijana tuliyemjua akaondoka darasani. Pale chini palikuwa na mtu mwingine, mtu ambaye hajawahi kushika jembe na hana haja nalo. Aguti akarudi hatua moja nyuma.

"Opolot," akaita.

Yule mtu akajikuna ubavuni.

"Opolot!"

Akafumbua jicho moja, akamtazama kama unavyotazama wingu, akasema, "Kesho, mama." Jicho likafumbwa.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa namtazama Aguti, na nikaona anaelewa. Niliona pale alipoelewa. Alimtafuta mwanawe katika mtu yule, mikono aliyoifundisha kazi mwenyewe, akaikosa, na akajua kwamba yule aliyelala hapo hakutoka tumboni mwake. Macho yake yalijaa machozi. Nikadhani sasa atapokea kigoda, tutapiga makofi, twende zetu.

Badala yake alimgeukia Apendi, akamnyooshea mkono. "Nipe kapu."

Akalichukua. Na mgongo wa Aguti, mgongo ule ambao haukupinda kwa kifo cha mume wala kwa jua wala kwa maneno ya watu, ukapinda. Miguu ikaanza kuburuta. Akaenda benchi la kwanza, akanyoosha kapu.

"Wandugu," akasema, na sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu ambaye hajala. "Nisaidieni unga kidogo. Mtoto yangu halimi. Mimi iko na njaa."

Alipita benchi kwa benchi. Wale waliokuja kucheka walikuwa wameinamisha vichwa. Mzee mmoja akaweka muhindi wa kuchoma aliokuwa anautafuna. Mtu akaweka yai. Akurut, yule wa bakuli, alikuwa analia waziwazi, akafungua ncha ya leso yake na kumimina karanga zote alizokuwa nazo, akasema, "Pole, mama, pole." Hata Imalingat, naapa, alijipapasa mifukoni.

Aguti akafika mwisho wa mabenchi. Hapo akanyooka. Akanyooka taratibu mpaka akawa mrefu kuliko tulivyomzoea, akageuka, akaanza kurudisha. Muhindi wa kuchoma kwa mzee, yai kwa mwenye yai.

"Chukua vitu yenu," akasema kwa sauti yake ya siku zote. "Mimi hapana omba mtu. Hiyo ilikuwa picha."

Akafika kwa Akurut, akamrudishia karanga ndani ya leso, akaifunga ile ncha kwa mikono yake mwenyewe. "Umeelewa sasa?"

Akurut akaitikia kwa kichwa, anacheka na kulia pamoja. Ndipo darasa likalipuka. Watu walipiga madawati, wale wa madirishani wakaanguka ndani, Apendi akaruka kama msichana. Mimi nilisimama juu ya kiti nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Niliona fahari ambayo sijaipata kwa nguo yoyote niliyoshona. Nilijivunia chama chetu, nikajivunia Masinya, nikajivunia pande zote mbili za Busia kwa pamoja.

Chrispinus, shati limelowa jasho, akakumbuka utaratibu. Akakiinua kigoda kwa mikono miwili, akamuuliza mama ana neno gani kwa niaba ya mshindi.

"Huyu ni mtoto yangu," Aguti akasema. "Jembe nimemfundisha mimi. Hiyo ingine amejua mwenyewe, na nimeona, na imenishinda. Nimepokea."

Akakipokea kigoda, akamgeukia mwanawe ambaye bado alikuwa amelala sakafuni, maana hakuna aliyemwambia aamke. Machozi yalikuwa yanamtoka yule mvivu kupitia kope zilizofumbwa, yanaingia masikioni, naye hakutikisika.

"Amka sasa," mama akamwambia. "Beba kiti yako. Twende nyumbani ukule."